Droo za marathoni kubwa zikipimwa kwa mfuko wa shilingi

Watu 1,133,813 waliomba nafasi, inayogawiwa kwa droo yaani bahati nasibu, ya kukimbia London Marathon ya mwaka 2026. Mwaka mmoja nyuma walikuwa 840,318, na kwa mbio za 2024 walikuwa zaidi ya 578,000. Ukizisoma namba hizo umetoka sokoni, ambako bei ya mafuta ya kula haishikiki, utajiuliza hao wenzetu wanaishi katika uchumi upi. Jibu limo kwenye fomu yenyewe: kuomba ni bure. Aliyejaza jina, tarehe ya kuzaliwa na muda anaokadiria kumaliza hajatoa hata senti. Namba ile inapima hamu. Hela huanza kusema siku kadi inapokatwa, na hapo ndipo huduma hizi za usajili zinapoachana njia.

Kinachopimwa hapa ni usajili, basi. Njia ya mbio, medali na ndizi za mwisho wa mbio tunawaachia wengine. Tumechukua New York, London, Chicago, Boston, Berlin na Tokyo, halafu Nairobi kwa kulinganisha, na kila moja tumeiuliza maswali matatu: unakatwa lini, kwa sarafu gani, na ukikwama katikati unabaki na nini.

Mwaka 2008 na watabiri walioumbuka

Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008. Ilipofika Oktoba 2009, Marekani ilikuwa na ukosefu wa ajira wa asilimia 10. Kwa hesabu ya haraka haraka, mbio zenye ada ya dola zaidi ya mia zilipaswa kukosa watu. Lakini tarehe 1 Novemba 2009 New York ilimaliza na wakimbiaji zaidi ya 43,000, idadi ambayo hakuna marathoni iliyokuwa imewahi kuifikia. Boston ndiyo iliyoshangaza zaidi. Nafasi za mbio za 2010 zilichukua kama miezi miwili kujaa; za 2011, zilizofunguliwa tarehe 18 Oktoba 2010, ziliisha kwa saa 8 na dakika 3. Chicago nayo, iliyokuwa bado inauza nafasi kwa anayewahi, ilijaa kwa siku 51 mwaka 2010, siku 31 mwaka 2011, na siku 6 mwaka 2012. London, katikati ya msukosuko uleule, wakimbiaji walichangisha pauni milioni 47.2 za hisani mwaka 2009.

Sababu ziko kadhaa, na hazina uzito sawa. Ya kwanza ni kwamba kukimbia ndiyo starehe ya bei nafuu kwa mtu aliyefuta safari ya ufukweni au ada ya klabu ya gofu. Viatu anavyo, barabara ipo. Ya pili, wanaokimbia marathoni za miji mikubwa kwa kiasi kikubwa ni watu wa kipato cha juu, ambao mtikisiko huwafikia wamejikinga. Lakini iliyo nzito kuliko zote ni ya tatu: nafasi zina kikomo. New York haiwezi kuongeza watu kuliko Daraja la Verrazzano, zinakoanzia mbio, linavyoweza kuwapitisha kwa makundi yanayoondoka moja baada ya jingine. Waombaji wakiwa laki mbili na nafasi za droo ni elfu chache, hata robo yao wakikimbiwa na hela bado mstari wa kuanzia utajaa pomoni. Ni kama kupima mvua kwa ndoo iliyokwisha kufurika.

Kisha likaja fumbo la upande wa pili. Uchumi wa Marekani ulipopata nafuu, ajira zikarudi, waliomaliza marathoni nchini humo walipungua: kutoka 550,637 mwaka 2014, kilele cha wakati ule, hadi takriban 509,000 mwaka 2015 na 507,600 mwaka 2016. Maumivu yaliangukia mbio za kati na ndogo, zile zisizo na jina la kuvuta mgeni kutoka mbali. Foleni za New York na Chicago hazikuonyesha dalili yoyote. Anayetaka kuusoma uchumi kwenye usajili na atazame mbio za mji wa pili na wa tatu, zile zinazotuma punguzo la bei wiki sita kabla ya siku yenyewe.

Tahadhari moja zaidi kabla hatujaingia kwenye huduma. Namba ikishuka, usikimbilie kulaumu mfumuko wa bei. Waliotuma maombi Boston, ambako huingia aliyefikisha muda uliowekwa wa kufuzu, walikuwa 36,393 kwa mbio za 2025 na 33,249 kwa za 2026. Kati ya miaka hiyo miwili waandaaji walikaza muda wa kufuzu kwa dakika 5 kwa wote walio chini ya umri wa miaka 60. Watu hawakuishiwa hela, waliishiwa kasi.

New York: kadi yako iko mikononi mwao

Mwaka 1970 mbio hizi zilikuwa na ada ya dola 1, watu 127 walianza na 55 wakamaliza, wakizunguka Central Park. Leo mkimbiaji asiye mkazi wa Marekani hulipa zaidi kuliko Mmarekani, na kwa miaka kadhaa ada yake ilikuwa dola 358. Tuichukue namba hiyo tuone shilingi inavyoifanya. Mwaka 2021, dola ikiwa Ksh 110, ada ilikuwa Ksh 39,380. Januari 2024, dola ilipofika 160, ada ileile ingekuwa Ksh 57,280. Miezi michache baadaye, dola ikarudi karibu 129, ikawa Ksh 46,182. Kwa Mtanzania, dola 358 zilikuwa Tsh 823,400 wakati dola ikiuzwa 2,300, na Tsh 966,600 ilipofika 2,700. Waandaaji hawakugusa bei yao. Aliyepandishiwa na kushushiwa ni mkimbiaji wa Eldoret na wa Arusha peke yake.

Utaratibu wa droo ni huu: unafungua akaunti, unajaza fomu, unaweka namba za kadi, unasubiri. Ukichaguliwa, kadi inakatwa papo hapo bila kuulizwa tena. Hapa ndipo penye mtego wa kwanza kwa watu wetu. Matokeo yakitoka adhuhuri ya New York, Dar es Salaam na Nairobi ni saa moja usiku. Ukiwa umetumia kadi pepe ya simu ambayo unaiwekea salio siku ya kununua tu, mfumo utajaribu kukata na kukuta sifuri. Utapata barua pepe ya kukutaka urekebishe malipo ndani ya muda mfupi, na barua hiyo mara nyingi huangukia kwenye kapu la taka. Wapo wanaopoteza nafasi hivyo, baada ya kushinda droo ambayo uwezekano wake ni mdogo kuliko kupata mwenza kwenye daladala: kwa 2024 waombaji zaidi ya 165,000 na waliopata asilimia 4, kwa 2025 waombaji zaidi ya 200,000, na asilimia ikazidi kushuka.

Ukikatwa, hela hairudi. Ukijitoa kabla ya tarehe iliyowekwa unahifadhiwa nafasi ya mwaka unaofuata, lakini ada unalipa upya. Dola 358 mara mbili ni dola 716 kwa mbio moja. Huo ndio mstari wa masharti ambao wengi husoma kwa kuchelewa.

Kwa Waswahili walioko New York na New Jersey ipo njia ya 9+1: uwe mwanachama wa New York Road Runners, waandaaji wa mbio hizi, ukimbie mbio 9 zinazohesabiwa ndani ya mwaka mmoja, ujitolee kwenye mbio 1, upate nafasi ya uhakika mwaka unaofuata. Ina sifa ya njia ya mnyonge, lakini kaa uipigie hesabu. Uanachama unalipiwa, kila moja ya zile mbio 9 ina ada yake, treni ya alfajiri ya Jumapili mara kumi, kisha ada ya marathoni yenyewe juu. Uzuri wake ni mmoja, nao ni mkubwa kwa anayelipwa kwa wiki: mzigo umegawanywa katika miezi kumi na miwili. Ubaya wake ni kwamba mbio hizo nazo hujaa haraka, na mwenye kazi ya zamu anaweza kufika Desemba akiwa na 8. Ya 9 isipokamilika, hizo 8 hazihamii mwaka mwingine.

Kwa jumla tunaipa New York 5 kati ya 10. Mfumo wake wa tovuti ni safi na majibu yanakuja siku waliyoahidi. Kinachoishusha ni kukata kadi kimyakimya na kulipisha mara mbili.

London: bure, mpaka uweke tiki

Fomu hufunguliwa mwezi Aprili, wiki ya mbio, na hubaki wazi siku chache tu. Majibu hutoka mwanzoni mwa majira ya kiangazi ya kwao. Mkazi wa Uingereza ada yake kwa 2026 ni pauni 79.99, kwa 2024 ilikuwa pauni 69.99. Mgeni hulipa zaidi ya maradufu, na ndani yake imo tozo ya kaboni kwa sababu ya safari yake ya ndege.

Ujanja wa London uko kwenye kisanduku kidogo. Mkazi wa Uingereza huulizwa kama yuko tayari kutoa ada yake kama mchango hata akikosa nafasi. Akikubali, anaingizwa kwenye droo ya pili, na akishinda ada yake inapunguzwa. Kibiashara ni kazi ya fundi: waandaaji wamepata njia ya kuingiza fedha kutoka kwa watu ambao hawatawapa maji wala medali, na mkimbiaji anajisikia amefanya jambo jema. Ila huko Coventry au Leicester, kwa mtu anayehesabu bili ya gesi, tiki ile ndiyo inayobadilisha ombi la bure kuwa tiketi ya bahati nasibu ya kulipia. Mwenye hela za kutosha anapata droo mbili, asiye nazo anapata moja. Halijafichwa, limeandikwa wazi. Lakini anayedai kwamba uchumi hauingii kwenye droo ya London hajakitazama kisanduku hicho vizuri.

Njia kubwa ya pembeni ni ya hisani. Shirika linanunua nafasi kutoka kwa waandaaji, linakupa, nawe unaahidi kuchangisha kiasi, mara nyingi takriban pauni 2,000. Mwaka 2025 jumla ilifika pauni milioni 87.3, kutoka milioni 73.5 mwaka 2024, na hayo ni miaka isiyofika mitatu tangu mfumuko wa bei Uingereza ugonge asilimia 11.1 Oktoba 2022. Jumla hiyo inapendeza. Ila inaficha jinsi mzigo unavyogawanyika: mwenye wafanyakazi wenzake wa ofisi ya sheria hufikisha pauni 2,000 kwa barua pepe mbili, na muuguzi ambaye wenzake wote wako kwenye mkopo huuza sambusa na mandazi kanisani miezi minne. Kabla ya kusaini, uliza swali moja: nisipofikisha, itakuwaje? Baadhi ya mashirika, hasa ya Marekani ambako kima cha New York huanzia dola 3,000, yanakutaka uache namba za kadi, na pengo lolote linalobaki wanalikata humo. Ahadi ya mchango hapo imekuwa deni.

London tunaipa 7, na ingepata 8 kama mgeni angeambiwa jumla ya ada yake kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu.

Chicago, Boston, Berlin

Chicago inastahili neno zuri kwa jambo lililotokana na aibu. Februari 2013 mfumo wa usajili ulizimia siku ya kufungua, nafasi kama 15,000 zilizokuwa zimebaki zikagawiwa kwa droo, na mwaka uliofuata droo ikawa ndiyo kawaida. Kabla ya hapo mshindi alikuwa mwenye intaneti ya kasi, kadi yenye salio asubuhi ile, na bosi asiyekuwa nyuma yake. Kwa anayejisajili kutoka Mbeya kwa bando la simu, droo ni haki zaidi kuliko foleni. Majibu hutoka Desemba kwa mbio za Oktoba, yaani una miezi kumi ya kutafuta nauli, na hiyo ni nafasi ya kupumua ambayo New York haikupi. Ukiahirisha, ada unalipa tena kama New York. 7 kati ya 10.

Boston haina droo kwa watu wa kawaida, ina saa. Maombi hupokelewa Septemba, wenye kasi zaidi ya kiwango chao cha umri na jinsia hupewa nafasi, wa mwisho hukatwa. Kwa 2026 ilibidi uwe chini ya kiwango chako kwa dakika 4 na sekunde 34. Kwa kuiangalia juu juu huu ndio usajili usiojali fedha. Lakini kiwango hicho lazima ukifikishe kwenye mbio zilizopimwa rasmi, na kuzifikia hizo ni nauli nyingine, hoteli nyingine, ada nyingine. 6.

Berlin, ada iko kwa yuro na kadi hukatwa ukishinda, kama New York. Ina faida moja isiyosemwa sana: marafiki hadi 3 wanaweza kuomba kama kundi, wote wapate au wote wakose. Kwa mfuko hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu chumba cha watu watatu Berlin mwishoni mwa Septemba ni theluthi ya gharama kwa kila mmoja, na kinachovunja safari nyingi ni mmoja kushinda peke yake. 6.

Tokyo na yeni iliyolegea

Tokyo ni ya kwanza kwenye orodha yetu kwa anayehesabu. Maombi ni Agosti, majibu Septemba, mbio Machi. Ukishinda, wanakupa siku ya mwisho ya kulipa. Usipolipa, nafasi inapotea na hudaiwi chochote. Tofauti hiyo ndogo ya utaratibu ina maana kubwa. Kati ya kuomba na kulipa unaweza kuangalia tena mshahara, kiwango cha dola, hali ya mtoto na ada ya shule, ukaamua kwa akili timamu.

Halafu kuna sarafu. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu yeni 80; mwaka 2024 iligusa 160. Chumba cha yeni 12,000 kilikuwa dola 150, kikawa dola 75 bila mwenye hoteli kubadilisha kibao cha bei. Mjapani anayelipa kwa yeni hakuiona nafuu hiyo hata kidogo. Kwake mambo yamepanda. Ndiyo maana watu wawili wanaosimama bega kwa bega Shinjuku siku ya mbio wanaweza kuwa wamefika hapo katika nyakati mbili za kiuchumi zilizopishana kabisa. Kasoro ya Tokyo ni ukali wa kuahirisha: ukishalipa ukaumia, usitegemee huruma. 8.

Siku ya kulipa, hatua kwa hatua

Sehemu hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo tuikalie.

Wiki mbili kabla ya majibu, iombe benki yako ifungue malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi na uthibitishe kikomo cha siku. Kadi nyingi za mshahara huja zimefungwa. Wakati wa uhaba wa dola uliobana Tanzania mwaka 2023 na 2024, aliyesubiri mpaka siku ya mwisho kuuliza alijikuta anauliza akiwa amechelewa. Weka kwenye kadi ada yote pamoja na asilimia 10 juu. Hiyo asilimia si ya mapambo: benki hukata kwa kiwango chake cha kuuza dola, wala si kile unachokiona kwenye tovuti ya Benki Kuu, na huongeza makato yake. Ikiwa tofauti ni shilingi 80 tu kwa dola, kwenye dola 358 ni Tsh 28,640 ambazo hukuzipangia.

Ukurasa wa malipo ukikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua dola. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni kampuni ya malipo ya upande wa pili, na bei yake ya dola karibu kila mara ni mbaya kuliko ya benki yako.

Laini ya simu inayopokea namba ya siri ya muamala iwe hewani. Anayeishi Muscat au Doha na kadi ya benki ya Dar es Salaam ahakikishe laini ile ya Tanzania inapokea ujumbe ng'ambo. Muamala hukataliwa kwa sababu ya ujumbe usiofika mara nyingi kuliko kwa sababu ya salio. Na kadi pepe, ile ya M-Pesa kwa mfano, ni nzuri kwa usalama, lakini usiifute wala kuibadilisha kati ya siku ya kuomba na siku ya majibu. Mfumo wa droo umeshika namba za zamani. Ukitengeneza mpya, rudi kwenye akaunti yako ya usajili ukaziweke upya.

Usinunue tiketi ya ndege siku ya majibu kwa furaha. Viza kwanza. Ombi la viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185 tangu Juni 2023, ya Uingereza ilipanda hadi pauni 127 Aprili 2025, ya Schengen, inayohitajika kwa Berlin, yuro 90 tangu Juni 2024, na zote hazirudishwi ukikataliwa. Nafasi ya droo haimlazimishi ofisa wa ubalozi kitu chochote, na kanuni ya ada isiyorudishwa haimjui aliyenyimwa viza. Miadi ya mahojiano inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo aliyeshinda New York kwenye majira ya kuchipua ana haraka kuliko aliyeshinda Chicago Desemba.

Hoteli ndiyo inayokula. Chukua Mkenya aliyepata New York mwanzoni mwa 2023, akaweka nafasi ya usiku 4 kwa dola 300 kila usiku, kulipa akifika. Siku anaiweka, dola ilikuwa kama Ksh 131, jumla Ksh 157,200. Novemba alipofika kaunta, dola ilikuwa kama 152, na bili ikawa Ksh 182,400. Ksh 25,200 zimeongezeka bila yeye kulala hata dakika moja zaidi. Shilingi ikiwa inateremka, lipa mapema hata kama unapoteza haki ya kufuta. Ikiwa inapanda, kama ilivyokuwa Kenya baada ya Februari 2024, bei ya kulipa ukifika ndiyo rafiki yako.

Nairobi na mbio za nyumbani

Standard Chartered Nairobi Marathon ilianza 2003, hukimbiwa Oktoba, na inalipiwa kwa shilingi kupitia simu. Hakuna droo, hakuna dola, hakuna ubalozi. Kwa vigezo vyetu vitatu inapata 8 kwa urahisi, na ndiyo pia mahali ambapo uchumi unaonekana kwa macho.

Mbio zetu nyingi, Kenya na Tanzania, zinafuata mshahara. Usajili unasinzia katikati ya mwezi, unaamka tarehe za mwisho. Mwandaaji anayefunga dirisha la bei ya mapema tarehe 20 anajikata miguu; anayelisogeza hadi tarehe 3 au 4 anapata wimbi zima la watu waliolipwa. Na mnunuzi mkubwa mara nyingi ni idara ya rasilimali watu ya kampuni fulani, inayolipia watu 60 kwa mkupuo pamoja na fulana zenye nembo. Mwaka biashara ikibana, mstari wa bajeti unaokatwa mwanzo ni huo, na mwandaaji hupoteza watu 60 kwa barua moja. Ndiyo maana umbali wa kilomita 5 na 10, unaojaa watu wa maofisini, huyumba kuliko kilomita 42, ambayo waendao wamejiandaa miezi minne na watalipa hata kwa kukopa.

Tazama pia ni nani anadhamini: Standard Chartered Nairobi, NBC Dodoma, CRDB Dar es Salaam. Mabenki. Ada ya mshiriki kwenye mbio hizi haiwezi peke yake kubeba polisi, maji, magari ya wagonjwa, saa za kielektroniki na zawadi za washindi. Mdhamini akipunguza, mwandaaji ana mambo matatu ya kuchezea, nayo huonekana kwa mpangilio uleule karibu kila mara: kwanza ubora wa fulana, kisha idadi ya vituo vya maji, mwisho ada. Fulana ikianza kupitisha mwanga, jiandae kwa bei mpya mwakani.

Kasoro kubwa ya usajili wa nyumbani ni uthibitisho. Umelipa, ujumbe wa muamala umekuja, lakini namba ya ushiriki haijafika, kwa sababu kwenye sehemu ya akaunti uliandika jina badala ya namba ya kitambulisho, au ulilipia watu watatu kwa muamala mmoja. Lipa mmoja mmoja, nakili namba ya kumbukumbu ya muamala, na uende kuchukua vifaa siku ya kwanza. Siku ya mwisho saizi ya kati ya fulana imekwisha. Zimebaki zile zinazomtosha mtu na nusu, na kijana wa mezani atakuambia kwa upole kwamba ukiifua itarudi.